Bafu Nililomtengenezea Mama Mkwe

Kila mwaka baada ya mavuno mama mkwe wangu alikuja kututembelea kwa treni kutoka Urambo, na siku zote za ugeni wake alioga kwa jirani. Alilala kwangu. Alikula kwangu pia, yeye jikoni na mimi barazani, kama heshima ya ukwe inavyotaka. Lakini jua likiinama alijifunga khanga, akachukua sabuni yake na kuvuka uchochoro. Akirudi alikaa jikoni na binti yake, nami barazani nikasikiliza sifa.

"Sakafu ile, mwanangu, inang'aa kama bakuli. Unaoga mpaka unasahau umri."

Jirani huyo alikuwa Mwarabu wa hapohapo Tabora, mfanyabiashara wa asali na nta, ambaye babu yake alikuja na misafara akaona hakuna haja ya kurudi. Bafu lake la uani lilikuwa na kuta za chokaa iliyotiwa bluu ya kufulia, na sakafu ya saruji iliyopachikwa vipande vya sahani za maua. Niliwahi kuingia humo mara moja kunawa mikono, na tangu siku ile sikutulia. Mimi nilikuwa mwalimu wa serikali. Nilisoma chuo kikuu huko Uganda, na mtaa wetu mzima wa Gongoni sikujua mtu mwingine mwenye kabati la vitabu. Bafu langu lilikuwa kuta za matofali mabichi, jiwe la kusimamia, na popo.

Wivu wangu haukuwa wa mke. Mke wangu alimwona jirani kama mtu anavyouona mti wa mwenzake. Nilichokitaka ni neno moja zuri kutoka kwa yule mama. Tangu nioe tulikuwa tunasalimiana kupitia mlango uliofungwa, "Shikamoo mama," "Marahaba, mkwe," basi. Alichonifikiria sikukijua. Alichofikiria juu ya bafu la jirani nilikijua chote.

Likizo ilipofika nikanunua saruji na chokaa, nikafukuza popo. Kuta nilizipaka mwenyewe. Bluu niliitia kama mtu anayemkomoa mwenzake, na zilipokauka zikawa na rangi ya kaniki mpya. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu, punguza bluu. Mtu ataingia humo mzima atoke kaniki."

"Nikipunguza litafanana na lako."

"Kwani silo unalolitaka?"

Akaniazima mwiko wake wa kupigia lipu, mwiko mzuri wenye mpini uliolainika kwa kushikwa, nikauonea wivu nao.

Shida ilikuwa sahani. Zilizovunjika hazipatikani mtu anapozihitaji. Nyumba nzima huwa na uangalifu wa ajabu. Nikachukua zile tulizopewa harusini, nikazifunga kwenye gunia, nikazigonga kwa nyundo. Mke wangu alinikuta nimepiga magoti nikipachika ua jekundu kwenye saruji mbichi.

"Kwa hiyo sahani zangu za harusi utazikanyaga kila siku."

"Hata mama yako atazikanyaga."

Alinitazama kama anayetaka kusema kitu, kisha akarudi jikoni.

Mama mkwe alipokuja, binti yake alimpeleka uani kuona. Nilikaa barazani na kitabu nisichokisoma.

"Nani kafanya haya?"

"Mkweo. Kwa mikono yake."

"Ni zuri kuliko la Mwarabu."

Moyo ulinijaa. Halafu nikasikia khanga ikipita, nikaona kwa pembe ya jicho kipande cha sabuni kikivuka uchochoro kama kawaida.

"Umeshangaa nini?" mke wangu aliniuliza. "Mama ataogaje anapooga mkwe wake? Maji yako na yake yapite mfereji mmoja?"

"Mbona hukuniambia?"

"Sahani zilikuwa zimeshavunjika. Ungeniuliza."

Nami ni Mnyamwezi, mzaliwa wa kijiji cha huku huku. Nilijua kwamba mkwe hupishwa njiani, na kwamba hamli sahani moja. Lakini kijijini kwetu wanaume waliogea upande wao wa mto na wanawake upande wao, kwa hiyo swali la bafu halikuwahi kuzuka. Nilikuwa nimejenga kwa saruji kitu ambacho heshima ilimkataza kukigusa.

Kesho yake nilimtuma mke wangu na ujumbe: muda wote mama atakaokuwa hapa, mimi sitatia mguu bafuni. Mama mkwe akaamuru sakafu isuguliwe kwa majivu na maji ya moto, ili nitoke kabisa. Jioni akaingia.

Mimi nikachukua taulo langu, nikavuka uchochoro.

"Karibu, Mwalimu," alisema jirani, bila hata kucheka, jambo lililonikera zaidi. "Maji yako mtungini."

Maji yalikuwa baridi, yana harufu ya udi. Nikiwa na povu kichwani nikasikia sauti kutoka uani kwangu, safi kabisa: "Mwanangu, mume wako anajua kazi."

Neno nililolitaka lilikuwa limesemwa. Nilifumbua macho, sabuni ikaniuma, nikatazama chini. Maji ya jirani yalikuwa yanafuata mteremko wa sakafu na kwenda mferejini yenyewe, taratibu, bila kusukumwa na mguu. Yangu hutuama kwenye ua jekundu. Nilisimama pale nikihesabu moyoni ni sahani ngapi zimebaki kabatini.