Jina Ambalo Sikulivusha

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya manyunyu, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na kiburi cha kutosha watu watatu. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu hapa Birmingham. Niliishi Stechford, karibu na stesheni, pamoja na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyenitoa Kivu akanifikisha kambini, na kutoka kambini hadi kwenye nyumba ile yenye zulia la maua. Hakujua Kiingereza. Mimi nilikijua, au nilijidanganya hivyo, basi kila neno lake lililotoka nje ya mlango lilipita kinywani mwangu: kwa daktari, ofisi ya nyumba, hata dukani akitafuta maharage. Ukiwa mtoto wa wakimbizi unaijua kazi hiyo. Hakuna anayekufundisha, na hakuna anayekukagua.

Darasa letu la Kiingereza, lililokuwa likikutana katika ukumbi wa kanisa, lilipanga matembezi ya kwenda kuona daraja la maji. Usidhani ni daraja la kuvusha watu. Mfereji wa mashua unafika mahali ardhi inapozama, na badala ya kuteremka unapita juu ya matao ya mawe mpaka upande wa pili, na mashua inapita juu huko kana kwamba hakuna la ajabu. Kwetu tungesema limejengwa wakati wa wakoloni. Hapa wanasema tu kwamba ni la zamani.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa Kiingereza, mstaafu, mwenye koti la mvua na daftari. Alituambia kwamba waliochonga yale mawe walikuwa wengi na majina yao hayajulikani, na kwamba yeye hukusanya maneno ya watu wanaokuja kulitazama, ili angalau hayo yasipotee. Nilimtafsiria Baba Mkubwa nusu ya hayo. Nusu nyingine niliona haina haja.

Baba Mkubwa alivua glavu. Akapitisha kiganja juu ya jiwe, taratibu, akifuata alama za tindo moja baada ya nyingine. Yule mzee alimwona, akaja, akaniambia nimuulize kama amewahi kufanya kazi hii.

Basi Baba Mkubwa akasema. Akasema kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia tangu nizaliwe. Alisema kwamba alipokuwa kijana walichukuliwa kwa nguvu, yeye na mdogo wake mmoja, si baba yangu, kujenga mfereji wa mawe wa kupeleka maji mjini kwa Wazungu, juu ya korongo. Kwamba tao hushikiliwa na mbao mpaka chokaa ikauke, na kapita, msimamizi wao, aliamuru mbao ziondolewe mapema kwa sababu kuna mkubwa alikuwa anakuja kuzindua. Tao likaanguka. Mdogo wake alikuwa chini. Walilijenga upya, maji yakapita, na pale wakaweka jiwe lenye jina la yule mkubwa. Mdogo wake aliitwa Byamungu. Akamaliza kwa kuomba kwamba, kwa kuwa mzee huyu ana daftari, aliandike jina hilo, maana halikuwahi kuandikwa popote.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mvua ilikuwa inazidi. Wenzangu walikuwa wanatazama saa. Kulikuwa na kijana mmoja Mkenya mwenye mwavuli, nami nilitaka sana kuwa chini ya mwavuli huo. Juu ya yote niliona aibu. Niliona tumekuja matembezini kama watu wengine, na mtu wangu anawaletea maiti. Nikamgeukia yule mzee, nikamwambia kwa Kiingereza changu safi kwamba Baba Mkubwa anasema daraja ni zuri sana, na anashukuru.

Mzee akatabasamu, akaandika mstari mmoja, akafunga daftari. Baba Mkubwa aliitazama kalamu, kisha akanitazama mimi.

Tulirudi kwa basi. Nyumbani aliketi na viatu vyake vyenye matope, yeye aliyekuwa akinigombeza nikikanyaga zulia lile na viatu. Nikaweka maji ya chai. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Weye mutoto, Kizungu sijue. Lakini jina haina Kizungu. Nilingojea Byamungu itoke mu kinywa yako. Haikutoka."

Nilijitetea kwamba watu walikuwa na haraka. Akanijibu, "Miaka makumi tano nilingojea mutu aniulize."

Mwanangu, angenipiga ningepona haraka. Hakunipiga, wala hakuninunia. Aliendelea kuniwekea ukoko wa wali kama alivyojua ninaupenda. Ila tangu siku ile alinipa maneno mafupi tu. Daktari akiuliza habari za kifua chake, ananiambia, "Sema niko muzuri." Daktari ananitazama, anangoja, nami sina la kuongeza. Alikuwa amepima ukubwa wa chombo, akawa anamimina kinachoingia. Usiku kucha nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na asubuhi kwa daktari alikuwa mzuri. Niliogopa. Nilijua kwamba kama atakufa kwa kunyamaza, aliyemnyamazisha ni mimi.

Nilivumilia wiki tano. Kisha nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba msamaha, nikamwomba anisimulie tena yote, ili nimpelekee yule mzee kamili. Alinishika kichwa. Akasema amenisamehe. Lakini kuhusu kusimulia tena, alisema, "Ile nilisemaka. Mara ya pili siiwezi."

Hapo ndipo nilipoona hasara yangu ilivyo. Kwa sababu alipokuwa anasema pale darajani, mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natafuta namna ya kumfupisha. Haya niliyokusimulia ndiyo yote niliyoyashika. Alisema Byamungu alikuwa na umri gani, sijui. Alisema walimchimbua kwa siku ngapi na kumzika wapi, sijui. Alisema mama yao alifanya nini alipoletewa habari, na hapo nakumbuka midomo yake ikitetemeka, basi. Maneno yenyewe yaliishia kwenye manyunyu.

Hata hivyo alikubali twende tena darajani. Jumamosi mbili hatukumkuta yule mzee. Ya tatu tukamkuta. Nilimwomba afungue ukurasa ule, akate mstari wangu. Nikamwambia nilidanganya, na kwa nini. Nikasema nilichokuwa nacho, huku Baba Mkubwa amesimama kando yangu, ametega sikio. Lilipotoka jina, alifumba macho.

Mzee aliniuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja. Alipojaribu kulisoma alilivuruga kabisa. Ndipo Baba Mkubwa, ambaye katika nchi hii hakuwahi kumsemesha Mzungu bila mimi katikati, akaweka kidole kwenye karatasi na kusema polepole, "Bya-mu-ngu." Mzee akarudia. Akasahihishwa. Akarudia tena, mpaka likawa sawa. Wazee wawili wakavua kofia, wakasimama kwenye mvua, nami nikarudi nyuma kwa sababu hawakunihitaji.

Baba Mkubwa aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Maneno marefu yalirudi kidogo kidogo. Kikohozi chake nilikifikisha kwa daktari chote, na hospitalini, siku za mwisho, muuguzi mmoja alisimuliwa namna ya kupanda maharage mlimani kuanzia jembe hadi sufuria, nami sikuruka hata punje. Habari ya tao hakuigusa tena.

Nakuambia haya kwa kuwa Jumapili, tukitoka ibadani kule Great Barr, nawaona ninyi vijana mkiwasemea wazee wenu. Mzee anasema mpaka jasho linamtoka, kijana anageuka na kutoa maneno mawili kwa Kiingereza. Najua mmechoka. Najua aibu, niliijua kabla yenu. Mwanangu, mwache amalize. Kama neno hulijui, sema hulijui. Kama umechoka, mwambie umechoka, hatakufa kwa hilo. Lakini usimkate mtu kwa siri ndani ya kinywa chako, maana hana njia ya kukukagua, na ukishafika umri wangu utatamani kumuuliza na hayupo. Akitaja jina la mtu, hilo livushe kwanza.

Mungu akupe masikio yaliyotulia na ulimi usioona haya. Akulinde na haraka. Na siku utakapokuwa mzee katika nchi ambayo lugha yake imekushinda, akupe mtoto wa kusimama kando yako kwenye manyunyu, angoje mpaka umalize.