Jina Kinywani mwa Kasuku

Kasuku ananuka vumbi. Wanaomsifu kwa kijivu chake na mkia wake mwekundu hawajawahi kulala naye nyumba moja. Kila akijikung'uta, unga mweupe humwagika manyoyani ukatua juu ya maziwa, juu ya ulezi ulioanikwa, juu ya blanketi. Katika miaka ya hamsini, nyumbani kwetu Busawe, baba mdogo alirudi kutoka kazini Bukoba na ndege wa namna hiyo kwenye tundu la waya. Alipewa jina la Karani, kwa kuwa alisema Kiswahili vizuri kuliko mzee yeyote wa pale, na kwa kuwa hakuwa na adabu. Nilimchukia tangu siku ya kwanza na sijaacha.

Watu husema kasuku huiga tu. Uongo mtupu. Karani aliwapigia mbwa mluzi wa baba, na mbwa wakija mbio aliwacheka kwa kicheko cha bibi. Akiingia mzee alisema shikamoo. Akiingia mtoto alisema toka. Hiyo ni akili, tena akili mbaya. Mama peke yake ndiye aliyempenda. Nyumbani tulisema Kikurya, lakini mama alikitamani Kiswahili, lugha ya mnadani na kanisani, akawa anajifunza kwa ndege huyo huku akisaga ulezi. Nikichelewa kisimani, alimlalamikia yeye: "Nilimwita, hakuja. Nilimwita, hakuja." Aliyarudia maneno hayo kwa raha, kama mtu anayelamba asali kidoleni.

Sasa, babu yangu, baba yake baba, aliitwa Mwita. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata kama ni jina la mtoto wa jirani. Mdogo wangu wa kiume alirithi jina hilo, na mama akamwita Mzee Mdogo mpaka alipokua. Waliomtaja babu kwa jina ni watu wa rika lake, waliokuja kunywa pombe kwa mirija. Karani alisikia huku na kule, akaunganisha. Siku moja babu aliingia na wageni wa posa ya shangazi. Ndege akamkazia jicho la manjano, akasema kwa sauti ya mama, kavu kabisa: "Mwita! Hakuja!"

Wageni waliinamisha macho. Mama alisimama mlangoni na kibuyu mkononi.

"Ndege hatungi," babu alisema. "Huyu mwanamke hunitaja nikiwapa mgongo."

Baba mdogo alijaribu kumwokoa mama. "Baba, ni Kiswahili. Alisema nilimwita. Alikuwa anamwita mtoto."

"Jina langu limo?"

"Limo, baba, lakini si wewe."

"Basi limo."

Baba yangu alitazama miguu yake, na mpaka leo sijui aliona nini huko. Ulimi hauna mfupa, walisema wazee, na siku ileile mama akarudishwa kwao Nyangoto. Ilisemwa kwamba watu wake wasipoleta mbuzi wa kusafisha tusi, ng'ombe wa mahari watarudi na sisi watoto tutabaki bila yeye. Kilichonitesa zaidi ni Karani. Kila asubuhi alituita majina yetu kwa sauti ya mama. Mzee Mdogo alitimua mbio hadi jikoni, akamkuta ndege, akalia. Nasema alifanya makusudi.

Mbuzi aliletwa baada ya mavuno na mama akarudi, amekonda. Karani alisamehewa kwa sababu hana akili. Mama aliadhibiwa kwa sababu anayo. Wageni waliendelea kuja kumsikiliza ndege, wakipiga makofi. Mama hakusema tena hata neno moja la Kiswahili.

Siku hizi wajukuu zangu hunionyesha kwenye simu kasuku anayetaja rangi, wakashangaa kwa nini sicheki. Kikurya hawakijui, kwa hiyo hawakuwahi kuongea na mama yangu. Walikaa naye wakitabasamiana tu. Mwaka wake wa mwisho nilimpeleka hospitali Mugumu. Nesi, binti mpole, akamwinamia: "Shikamoo bibi. Unaumwa wapi?" Mama alielewa kila neno, nilimwona usoni. Akafungua kinywa, akakifumba, akanigeukia na kusema kwa Kikurya, "Mwambie wewe."