Jina la Mdogo Wangu

Mhudumu wa afya ya jamii anayekuja hapa Mazwi kumwangalia mjukuu wangu mjamzito hunawa kwanza kwa sabuni ya dawa. Namshukuru Mungu kwa ujio wa binti huyu, lakini harufu ile ni ya mikono ya mkunga wa kijijini kwetu. Masista walimfundisha kunawa, na kubatiza mtoto aliye hatarini.

Asubuhi moja ya utoto wangu alimzalisha mama, na mama alikuwa amezimia. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amezaliwa punde, alivuta pumzi kwa shida.

“Mpe jina, upesi,” mkunga aliniambia, kata ya maji mkononi.

Nikataja langu.

“Hilo si lako, wewe?”

“Ndilo lililonijia, bibi.”

Akambatiza nalo. Mchana wakamzika. Jioni mama alizinduka, akaniita kwa jina, nami nikaogopa kuitika.