Umetuchimbia Maji

Diwani Adelowo alikuwa seremala kabla ya siasa, na hata udiwani haukumtoa vumbi la mbao masikioni. Mtu mwema, nisimsengenye bure. Lakini miaka yote aliyotuwakilisha hapa Oke-Ogbe, jibu lake lilikuwa moja. Ukimwuliza barabara, ukimwuliza maji ya zahanati, atakunja uso kwa uchungu wa kweli na kusema: fedha zimetoka Abuja, zimepita kwa wakubwa wa jimbo, zimeliwa. Tukawalaani wakubwa wa jimbo, naye akarudi kwenye randa yake moyo mweupe.

Kisha mahakama ya juu kabisa ya nchi ikasema basi, fedha za halmashauri ziende halmashauri moja kwa moja. Kwetu zikafika. Kila diwani akaambiwa achague jambo moja la kata yake, na Adelowo hakuhitaji kufikiri: kisima cha pampu, pale zahanati, ambako mkunga wetu, Sista Morenike, huwaambia wajawazito waje na madumu yao ya maji. Hebu fikiri, mtu ana uchungu wa kuzaa, na dumu kichwani.

Laiti angechimba siku ileile! Alikwenda kwanza kumpa habari baba yake mdogo, Mzee Ogunleye, mkubwa wa ukoo tangu baba yake mzazi afariki. Akalala kifudifudi mbele yake, pale nyumbani kwa marehemu, kama mtoto yeyote wa Kiyoruba aliyelelewa, na kabla hajaruhusiwa kuinuka mzee akaanza.

"Mtoto akipata cheo, matunda ya kwanza yanaonekana kwa baba yake. Unataka watu wapite hapa waseme nyumba hii haikuzaa?"

Adelowo akajitahidi kusema kwamba zahanati si mbali. Vizuri, akajibiwa, kama si mbali basi wao ndio watakuja hapa. Na mtu aliyelala kifudifudi, kidevu mavumbini, atabishana vipi? Akasema ndiyo, baba.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kisima kikachimbwa uani kwa marehemu baba yake. Kwa kuwa ni uani, kukawa na geti. Kwa kuwa kuna geti, kukawa na kufuli, na ufunguo ukaishi kiunoni kwa mke wa Adelowo, Mama Tiwa.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, binti wa Ayantunde, mpiga ngoma wetu, alishikwa na uchungu alasiri. Maji ya dumu lake yakaisha. Sista Morenike akakimbilia kisimani mwenyewe na ndoo, akakuta kufuli. Adelowo na mkewe walikuwa sokoni wakichagua vitambaa vya sare ya sherehe. Ikabidi ashuke hadi kijitoni. Aliporudi mtoto alikuwa ameshazaliwa, mikononi mwa bibi yake, na mama amelowa damu. Mtoto alikuwa mzima. Mama alilala na homa kali, haijulikani kama ataiona Jumapili.

Hakuna aliyemlaumu diwani, na hilo ndilo lililomtafuna. Alitafuta wakubwa wa jimbo wa kuwatupia, akakuta njia nyeupe toka Abuja hadi mlangoni kwake, na mwizi aliyebaki njiani ni yeye. Chakula kikamshinda. Mama Tiwa akadhani ni wasiwasi wa hotuba.

Siku ya sherehe mwenyekiti wa halmashauri alikuja, viazi vikuu vikatwangwa, na Ayantunde akaja na ngoma yake, maana kazi ni kazi. Ngoma ile ya kwapani husema. Hupanda na kushuka kama maneno yetu yanavyopanda na kushuka, ila haina ulimi wa kutamka. Maneno mawili yenye mwendo mmoja, kwake mlio ni ule ule. Watu wakacheza wakiitikia: umetuchimbia maji, umetuchimbia maji. Adelowo alikuwa akimbandika mpiga ngoma noti ya tuzo kwenye paji la uso, mkono ukasimama. Yeye alisikia: umetufichia maji.

Wageni walipoondoka alimvuta Ayantunde kando.

"Baba Ayan, ulipiga nini pale?"

"Umetuchimbia maji," alisema Ayantunde, akimtazama kwa upole. "Kwani mheshimiwa ulisikia nini?"

Alikwenda nyumbani akamwuliza mkewe swali lile lile. Mama Tiwa akautoa ufunguo kiunoni, akauweka mezani.

"Nilisikia umetufichia," alisema. "Nikadhani ni mimi peke yangu."

Asubuhi Adelowo alichukua nyundo akabomoa ukuta wa ua wa baba yake, upande unaotazama zahanati. Mzee Ogunleye akaja mbio, akamwambia amemvua nguo marehemu mbele ya watu. Adelowo akamwamkia amesimama, na hapo ndipo mzee alipogeuka akaenda zake. Vumbi halijatua, Sista Morenike alishapita na ndoo, akasema binti wa Ayantunde ameamka leo, ameomba uji.

Ayantunde naye akapita, akienda kumwona mwanawe. Akasimama kwenye lile pengo, akapiga maneno yale yale, taratibu, na wanawake wa foleni wakaitikia kwa kicheko: umetuchimbia maji. Adelowo aliweka nyundo chini, akatega sikio vizuri. Bado alisikia umetufichia.