Nilisaini Laptop za Bei Rahisi, Sasa Wanataka Lea Ndiye Aondoke

Admin, nifichie jina, maana Rumonge ni mji mdogo na kuta zina masikio. Amahoro kwenu nyote. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita. Nilizaliwa kambini Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa binti mkubwa, ndiyo maana biro, yaani ofisini, wananicheka eti naongea Kiswahili cha redio. Nafanya kazi kwenye shirika dogo linalopima mashamba ya michikichi na kuyaandikisha. Chini yangu kuna maajenti sita. Kila siku wako kwenye pikipiki na laptop mgongoni, Kizuka, Bugarama, na barabara ikikatika wanachukua mtumbwi wa injini hadi Muhuta. Jamani, nina hasira, sijui hata nianzie wapi.

Mwaka jana zilikuja pesa za kununua laptop mpya, sisi tunaziita mashini. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, akaniambia nichague. Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Niliuliza mafundi, nikauliza maajenti wenyewe zile za zamani zilikufa kwa nini. Vumbi, mvua, kuanguka, betri. Nikaandika kurasa mbili: tuchukue zile nene, nzito, zinazovumilia maji na vumbi, skrini unaisoma juani, betri unabadilisha mwenyewe, garanti miaka mitatu. Sura mbaya, sikatai. Na bei ya moja ni karibu mbili za kawaida. Lakini nilipiga hesabu ya miaka minne. Zile za kawaida tutazinunua mara mbili, pengine tatu, ongeza fundi wa Bujumbura, nauli ya kwenda na kurudi, na siku ambazo ajenti anakaa bure kwa sababu hana mashini. Mwisho wa hesabu zile nzito ndizo nafuu. Rahisi ni ghali, hata mutoto anajua.

Shefu alisoma, akacheka. "Eh, mama, unataka tununue matofali? Wafadhili wakija kupiga picha waone nini?" Akanionyesha kwenye simu zile nyembamba zinazong'aa. "Iko hizi hapa. Kila ajenti anapata, na biro pia inapata. Andika upya, utie sinye yako."

Mtasema kwa nini sikukataa. Huyu shefu ndiye aliyesimamia ndoa yetu, huku tunamwita parrain. Kwa asiyejua, parrain si mtu wa kusimama kanisani siku moja akapigwa picha. Ni mzazi wa nyumba yenu. Nikigombana na mume wangu, kesi inaenda kwake. Mtoto wetu wa kwanza alipolazwa, yeye na mke wake walishinda hospitalini pamoja nasi. Kumwambia parrain "hapana" ni kama kumtukana baba yako. Basi nikaandika upya kwamba zile nyembamba zinafaa kwa kazi ya mashambani. Nikasaini. Ile karatasi ya kwanza bado ninayo.

Hata mwaka haukuisha. Moja pikipiki ilianguka nayo kwenye tope la Bugarama, skrini kwisha. Mbili zilivimba betri. Mvua zilipoanza nikawaambia maajenti wazifunge kwenye nailoni, nikijiona mjanja. Wakazifunga. Nyingine zikachemkia humo humo kwa jua la Kizuka. Kisha Lea, si jina lake, mjane mwenye watoto watatu, alipigwa na mawimbi ziwani akitoka Muhuta. Nailoni ilichanika, mashini ikanywa maji. Huko alikokuwa hakuna network ya kutuma kitu, kwa hiyo kazi ya wiki tatu ilikuwa humo ndani. Mashamba yote aliyoyapima yamepotea.

Wiki hii wafadhili wameuliza kulikoni. Shefu akaita kikao, akasema mbele ya wote: "Maajenti hawatunzi vitu. Mashini wanaifunga nailoni kama mkate!" Na mimi niliyewaambia wafunge nimekaa hapo hapo! Nikaangalia meza. Akaamua wengine wakatwe mshahara, na Lea aandike barua ya kukubali kwamba ni uzembe wake, halafu aondoke. Mimi kama mkubwa wake nisaini chini ya barua hiyo kabla ya Ijumaa.

Nilimfuata parrain nyumbani kwake. Nikamwambia, "Baba, unajua nilichoandika mwanzo." Akajibu polepole, bila hata kukasirika: "Mwanangu, mimi najua karatasi moja tu, ile yenye sinye yako." Mke wake akaleta chai. Nami nikainywa, mjinga mimi, nikasema murakoze, asante, nikaondoka.

Mume wangu naye hanisaidii. "Ukiitoa ile ya kwanza unajichongea. Watauliza, kama ulijua, mbona ulisaini ya pili? Kazi utapoteza, na parrain utampoteza." Hajakosea, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jana Lea alikuja kwangu na barua yake. Nilitegemea matusi, kwa kweli niliyatamani. Hakunitukana. Aliiweka barua mezani, akanyoosha kona zake kwa kidole, akasema: "Dada, mimi mambo ya mashini siyajui. Wewe ndiye uliyezichagua, wewe unazijua. Kama unaona kosa ni langu kweli, niambie tu, nasaini sasa hivi."

Nikamwambia aje leo. Amekuja tangu asubuhi, amekaa hapo kibarazani na kalamu yake mkononi, anacheka na wanangu, na mimi nimejifungia chumbani nawaandikia nyinyi. Ndugu zangu, mnaosoma, msinitukane kwanza. Nikifungua huu mlango, nimwambie nini?