Nyota Aliyoiona Susu Kalondu

Mwanangu, kuna jioni moja ya Machi huko Muthetheni ambayo bado naikumbuka kama jana. Nilikuwa kijana, fundi wa kufunga madishi ya televisheni, na nilijiona najua mambo yote ya angani. Nilikuwa nimemaliza kazi kwa Mutuku wakati mama yake, Susu Kalondu, yaani Bibi Kalondu, mjane aliyeishi peke yake kwenye shamba lake hapo jirani, aliponishika mkono.

"Kijana, pale mashariki kuna nyota haitembei. Inang'aa kidogo kidogo, inawaka, halafu inazimika. Ni nini?"

Nikacheka. "Susu, hakuna kitu kama hicho. Hayo ni macho ya uzee."

Mutuku hakucheka. Kesho yake aliwaambia jamaa kwamba mama anaona vitu, hata fundi amesema, kwa hivyo mama ahamie kwa binti yake kule Kyumbi, na shamba abaki nalo yeye Mutuku. Susu akaanza kufunga nguo zake.

Habari zikamfikia Mwalimu Nduku, aliyenifundisha fizikia shuleni huko Masii. Akaniita.

"Kila siku unaelekeza madishi kwa setilaiti, na hujawahi kuinua macho?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akanieleza polepole kwamba nyota ya Susu ilikuwa setilaiti. Setilaiti hizo huzunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana huonekana zimesimama. Mabawa yake ya sola hulifuata jua. Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, mabawa hayo huturudishia mwanga moja kwa moja, kama bati jipya linavyomulika. Dakika chache baadaye setilaiti huingia kwenye kivuli cha dunia, ikazimika.

Jioni hiyohiyo nilirudi Muthetheni, nikamwita Mutuku nje ya nyumba ya mamake. Saa mbili usiku ile nyota ikawaka, mbele ya macho yetu, kisha ikatoweka. Mutuku aliinamisha kichwa, akaingia ndani kuzifungua nguo za mamake.

"Susu, nilikukosea," nikasema.

"Lakini umerudi," akajibu. "Keti ule, muthokoi uko tayari."

Aliishi shambani kwake miaka mingi baadaye. Natamani hata leo kusikia sauti yake.

Mwanangu, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha toka ukaangalie. Watu huliamini neno la fundi, na neno langu la mzaha nusura limtoe mama wa watu kwake. Mungu akupe subira ya kusikiliza, na ukizeeka, akupe watoto watakaokuamini.