Wimbo wa Ndani Uliotoka Redioni

Nyie mnaotukanana kwenye simu nani kaiba biti ya nani, tulieni niwape habari ya Jabiri wa Temeke. Huyu kaiba wimbo mwaka sabini na tatu, na hakuogopa mahakama. Alimwogopa mama yake.

Jabiri alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda. Walikuwaga wanapiga za Wakongo tu, wamekariri Kilingala na maana hawaijui. Wakaenda redioni kurekodi. Bwana wa redio akasikiliza nusu, akazima mashine.

"Hizi za Wakongo tunazo, tena wanapiga wenyewe. Nawapa wiki. Leteni cha kwenu."

Sasa kwao Jabiri kuna nini? Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa kungwi, anafunda wanawali wa mtaa mzima. Nyimbo za unyago mwanamume hatakiwi kuzisikia. Lakini nyumba ya udongo, ukuta haufiki juu. Jabiri kazisikia tangu mdogo. Akachukua tuni ya wimbo mmoja, akang'oa maneno, akapachika jembe na kijiji cha ujamaa.

Bwana wa redio akaurekodi, akafurahi. "Si unaona? Hiki chetu."

Hofu ikaanzia hapo. Kungwi akivujisha wimbo anavuliwa ukungwi, ngoma yake inachukuliwa, hapewi mwali tena maisha. Na tuni ile kila mwanamke angeijua imetoka nyumba gani. Redio ya jirani ikikohoa tu, Jabiri anatoka mbio kusikiliza. Akamfuata Polikarpo, mpiga besi.

"Twende tukawaombe wasiupige."

"Ukawaambie nini? Kwamba umeiba unyagoni?" Polikarpo akacheka. "Kwetu Newala ungeshazikwa wewe."

Jumamosi saa kumi alasiri ukapigwa. Wanawake wako uani wanachambua mchele, Jabiri kasimama mlangoni na kikombe cha chai. Mikono ikaganda kwenye nyungo, mmoja baada ya mwingine. Bi Hija, mkubwa wa makungwi, akageuka taratibu.

"Mwanakombo. Nani kautoa?"

Jabiri alitaka kusema mie. Chai inamwagikia mguuni, hata haisikii.

Mama yake hakumtazama. Akapeta mchele wake mpaka wimbo ukaisha.

"Mie," akasema. "Nimempa mwenyewe."

"Umempa mwanamume?"

"Nimempa mwanangu."

Bi Hija akakung'uta kanga, akaondoka, na wenzake nyuma yake. Mchele wakauacha.

Kesho yake akarudi na wanawake wawili kuchukua ngoma. Bi Mwanakombo akaitoa ndani mwenyewe, akaifuta vumbi, akaiweka kizingitini. Ilikuwa nzito, wale wakashindwa kuiinua. Bi Hija akamwita Jabiri aibebe mpaka kwake.

"Shikamoo, mama," Jabiri akamwamkia Bi Hija.

Bi Hija akamwonyesha ngoma kwa kidole.

"Angalia usiigonge," Bi Hija akamwambia. "Si ya kwenu tena."